Nilichora Ziwa Kabla ya Kuliona

Nyinyi mnaofanya kazi sasa katika atelye yetu, karakana ya uchoraji ya Kimemi, mmeniomba niandike jinsi nilivyoifanya kazi hii, tangu siku ya kwanza hadi siku nilipoweka brashi chini. Nimekubali, lakini bei za kuta na vyeti vya shukrani sitaviandika. Bei zimesahaulika, na vyeti vimeliwa na mchwa. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu wakati macho yalikuwa bado yananitii.

Jina langu ni Kahambu, ingawa Butembo na Beni wengi wananiita Mama Pentre, yaani Mama Mchoraji. Nimechora vilima, mito, ziwa na mlima wenye theluji kwa zaidi ya miaka arobaini. Shule ya uchoraji sikuiona hata mlango wake.

Nilizaliwa Luofu, kwa wazazi waliolima viazi na maharagwe. Baada ya darasa la sita nilibaki nyumbani kusaidia shambani, na nikipata nafasi nilichora vilima kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Kila mwaka kabla ya Noeli mama aliupaka ukuta ule udongo mweupe, na vilima vyangu vyote vikapotea. Hakunigombeza hata siku moja. Alisema tu, "Sasa iko safi. Unaweza kuanza tena." Tangu hapo sijapata mteja mwingine wa kunipa ukuta mzima kila mwaka bila kuuliza nitachora nini.

Nikiwa msichana mkubwa nilipelekwa Butembo kukaa kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza maharagwe Kimemi. Mbele ya meza yake palikuwa na banda la Tata Mbusa, fundi wa kuandika majina ya maduka na ya malori. Nilimwangalia wiki nzima. Jumatatu iliyofuata nilivuka barabara.

"Unatafuta nini?" aliniuliza bila kugeuka.

"Kazi, Tata."

"Ya kufagia?"

"Ya kuchora."

Hapo akageuka. "Mwanamuke juu ya ngazi? Batu batasema nini?"

"Batasema maandiko iko muzuri."

Hakucheka. Alinipa kipande cha msasa, akanionyesha mlango wa duka uliokuwa umeegemezwa ukutani. Kwa wiki sita sikugusa rangi. Nilisugua milango, mbao na mabati mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto mchanga. Nilidhani ananichosha ili niondoke mwenyewe. Siku moja mvua ilinyesha kwenye bango la fundi mwingine, rangi ikabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, na Tata Mbusa akanionyesha bango lile kwa kidole. Nilirudi kusugua.

Alinifundisha kuegemeza mkono kwenye fimbo ili usitetemeke, kuosha brashi kabla ya kunywa chai wala si baada yake, na kushuka ngazini kila baada ya robo saa ili kuangalia kazi kutoka mbali. Aliandika herufi nzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Vilima vyake, hata hivyo, vilifanana na mikate. Alilijua hilo. Nilipomwuliza jinsi ya kuchora kilima cha mbali, alinijibu, "Maandiko, uliza miye. Kilima, enda uulize kilima yenyewe."

Basi nikaenda. Nilipaka rangi kwenye vikaratasi, kila kimoja na kijani chake, nikasimama barabarani jicho moja limefumbwa, mkono umenyooka, nikilinganisha kikaratasi na mikaratusi ya kule juu. Wapita njia walidhani ninafanya dawa. Miezi ilipita kabla sijakubali nilichokuwa nakiona: mti wa karibu ni wa kijani, lakini msitu uleule ukiwa mbali ni wa bluu, na ukiwa mbali zaidi unakaribia kufanana na moshi. Hakuna aliyeniambia. Niliruka pale barabarani kama mtu aliyeokota kitu cha thamani, na shangazi akaja kunishika mkono kuniuliza kama nina homa.

Ukuta wangu wa kwanza mkubwa nilipewa na Mama Zaituni, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na depo, yaani ghala, ya samaki kando ya barabara kuu. Malori yake yalipanda na kushuka kati ya Butembo na Kyavinyonge, kwenye ziwa. Alitaka ziwa lenyewe ukutani, mita nane kwa tatu, mahali ambapo kila anayeingia sokoni angeliona. Mafundi wawili wanaume walikuwa wameuomba ukuta ule. Aliponichagua mimi, walisema wazi mbele ya watu kwamba nikishindwa, hakuna mwanamke atakayepewa tena ukuta katika mji huu. Nilijua wanasema kweli.

Tatizo ni kwamba sikuwahi kuliona ziwa. Sikumwambia Mama Zaituni. Nilikuwa na kalenda yenye picha ya bahari, sijui ya nchi gani, na nikaichora ile: maji ya bluu kali, mawimbi yenye povu jeupe, mitumbwi mitatu mbele, wavuvi wamesimama ndani yake. Nilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi lori liliingia kutoka Kyavinyonge na wavuvi wanne juu yake. Waliruka chini, wakasimama mbele ya ukuta, wakaanza kucheka. Mmoja alijishika tumbo.

"Mama, hii mayi ni ya wapi?"

"Ya ziwa," nilijibu nikiwa juu ya ngazi.

"Ziwa gani? Mu mayi ya vile mutumbwi ingeshazama! Na hawa batu banavua wakiwa balisimama?"

Watu wa soko walikusanyika. Mmoja wa wale mafundi wawili alikuwa miongoni mwao, mikono imekunjwa kifuani. Niliteremka. Mama Zaituni alitoka ndani ya depo, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Kahambu, ulishafika ku ziwa?"

"Hapana, Mama."

Nilingoja anifukuze. Alijifunga kitambaa chake upya kichwani, kama alivyofanya kila alipokuwa akifikiri. "Kesho asubui kamio inashuka," alisema. "Utapanda nayo. Mupaka uijue, usirudie hapa."

Hivyo ndivyo nilivyoshuka na lori lake. Tulipita Kyondo, na pale bonde linapofunguka dereva alisimama apoze breki. Niliangalia chini, nikaona kitu cha rangi ya sahani ya bati kimejaa bondeni mpaka mbali. Nikasema, "Ukungu ni mwingi leo." Dereva akaniambia, "Mama, ile njo ziwa."

Mama Zaituni alikuwa amenituma kwa Tata Kambale, mvuvi mzee ambaye siku hizo alikuwa akishona nyavu zaidi kuliko kuvua. Mke wake alinipa mkeka na sahani ya samaki, na yeye akanipa kazi. Asubuhi ya kwanza alinikalisha kwenye mtumbwi uliopinduliwa mchangani.

"Unaona rangi ngapi?"

"Moja, Tata. Kijivu."

"Ikala tena."

Nilikaa mpaka marabu, wale ndege wenye kipara wanaongoja matumbo ya samaki, wakanizoea na kupita karibu na miguu yangu. Alipokuja adhuhuri nilimhesabia nne. Jioni zilikuwa saba. Alinionyesha fashi, yaani sehemu, zenye madoa meusi yaliyokuwa yakitembea juu ya maji. "Fashi ile nyeusi, upepo imeshafika. Fashi ile inangaa, bado. Kule kwenye mustari mweupe, usiende, kuko kiboko." Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kwa kila mmoja wenu: "Mayi haina rangi yake. Inaazima ya juu."

Nilikaa kwake wiki tatu. Nilichora kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, kila siku saa ileile, mahali palepale. Alinipeleka pia majini. Nilitapika kabla hatujafika mbali, naye akanishikia karatasi zangu zisilowe huku akicheka kwa heshima, yaani akiwa amegeukia upande mwingine. Lakini ni ndani ya mtumbwi ule nilipolielewa kosa langu kubwa. Ukiwa umekaa chini, maji ni ukanda mwembamba. Ukiwa juu ya mlima, ni uwanja mzima. Mimi nilikuwa nimechora maji ya mtu aliye mlimani na mitumbwi ya mtu aliye ufukoni, vyote kwenye ukuta mmoja. Ndiyo maana wale wanaume walicheka hata kabla ya kujua wanacheka nini.

Nilirudi Butembo, nikaomba msasa, nikaufuta ukuta wote. Hilo lilinichukua siku nne, watu wakitazama. Tata Mbusa alikuja kunisaidia sehemu za juu, akaniambia, "Sugua vizuri." Kisha nikalichora ziwa la asubuhi: anga ya rangi ya maziwa ya ng'ombe, maji yameazima anga, doa moja la upepo upande wa kulia, wavuvi wameketi.

Lori lilipoingia, wavuvi walikuwa walewale. Niliendelea kuosha brashi zangu, nimewapa mgongo. Nilisikia hatua zao zikisogea ukutani. Halafu yule aliyejishika tumbo akamwambia mwenzake, "Hii ni saa tatu. Upepo inakuya. Angalia, iko karibu kufika pale ku Kambale."

Diploma yangu ni hiyo. Nyingine sina.

Baada ya ukuta ule kazi haikukatika. Nilichora kwenye kumbi za parokia, shule, hoteli, na kwenye vyumba vya watu waliotaka kilima cha kijijini kwao juu ya kochi. Mwenye baa mmoja aliniomba mamba mtu, mwanamke nusu samaki, na kumbe alitaka awe na sura ya jirani yake. Nilimwambia mimi ni mtu wa mandhari. Alipata maporomoko ya maji, na ndoa yake ikapona.

Kuhusu vifaa sina mengi. Makopo matano yanatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, bluu. Kijani cha dukani msikinunue, hakuna jani lenye rangi ile. Udongo mwekundu wa Butembo, ukiuchekecha kwenye soksi ya nailoni na kuukoroga na gundi ya mbao, unakupa barabara ambayo rangi ya kopo haiwezi kuitoa. Na brashi kuukuu msitupe. Majani ya mbali huchorwa na brashi iliyokwisha nywele.

Sasa niandike ya Mangina, mji mdogo karibu na Beni, maana ndiyo mnayoniuliza kila mara.

Ebola ilipoanzia kule, muuguzi mmoja aitwaye Masika alinipigia simu. Utotoni alikuwa akipita kila siku mbele ya ziwa la Mama Zaituni akienda shule. Aliniambia wagonjwa wamewekwa kwenye vyumba vya plastiki inayoonyesha, ili ndugu waweze kuwaona kutoka nje, lakini wao wenyewe hawana cha kuangalia ila turubai jeupe na watu waliofunikwa mpaka macho. "Mama Pentre, kuko bagonjwa banakataa hata kunywa," alisema. "Banageukia upande ya pili tu. Kuya utuchoree kitu."

Dada yangu alilia. "Utarudi na ugonjwa. Na kama haurudi nayo, batu batasema ulikula feza ya Ebola." Yote mawili yaliwezekana. Siku zile watu walirushiana mawe kwa maneno madogo kuliko hayo. Niliogopa, na ninaandika hapa kwamba niliogopa. Nilienda kwa sababu kwa miaka yote nilikuwa nikisema mandhari ni kitu ambacho mtu anakihitaji, si pambo tu, na sasa mtu alikuwa ameniomba nithibitishe.

Walinipima joto, wakaninawisha mikono kwa maji ya klorini, wakanipa sehemu ya nje ya uzio. Nilisimamisha mbao kumi na mbili za tripleksi mkabala na vyumba na kuanza na vilima vya Mangina kama vinavyoonekana kutoka barabarani. Klorini iliyorushwa na upepo ilikula rangi ya chini, kwa hiyo nilipaka vanishi mara tatu. Mkipata kazi kama ile, Mungu aiepushe, kumbukeni vanishi.

Siku ya pili, nikiwa ngazini, nilisikia mtu akigonga plastiki.

"Weye wa ngazi! Njia haipite pale!"

Alikuwa mama mzee, mabega yametoka, amejiinua kwa kiwiko. Jina lake Mama Kanyere, mkulima wa kakao.

"Inapita wapi, Mama?" nilipaza sauti.

"Inazunguka muti ya avoka! Muti yenyewe imepinda. Sasa weye umeweka wapi avoka?"

"Bado sijaiweka."

"Weka!"

Niliuweka mparachichi. Akataka upinde zaidi. Kesho yake akataka kakao yenyewe, na kivuli chini yake, kwa sababu kakao bila kivuli ni kuni. Mgonjwa wa chumba cha pili akasema shamba lake liko ng'ambo, mbona silichori. Wakagombana kupitia plastiki mbili juu ya mpaka wa mashamba, huku mimi nikingoja na brashi mkononi. Masika alikuja kwenye uzio, macho yake tu yakionekana.

"Ulisikia anavyopiga makelele?" aliniambia. "Mbele ya juzi alikuwa anatema kila kitu. Leo asubui ameomba mayi ya sukari na chumvi yeye mwenyewe. Amesema anatafuta nguvu ya kukugombeza."

Katika chumba cha tatu kulikuwa na mwanaume asiyesema. Alinyoosha kidole tu, mahali pamoja, siku mbili mfululizo, mpaka nikaelewa kwamba anataka nyumba pale. Nikaanza nyumba. Nilipomwonyesha kopo la rangi nyekundu kwa ajili ya paa, alitikisa kichwa kukubali. Asubuhi iliyofuata kitanda chake kilikuwa tupu, na watu wenye mashine za dawa mgongoni walikuwa wakinyunyizia. Nilifungua kopo la nyekundu. Kisha nikapanda, nikalimalizia paa, jekundu kama alivyokubali. Kaka yake alikuja kwenye uzio siku ya maziko. Masika ndiye aliyemweleza habari za paa. Alivua kofia mbele ya ubao ule, akasimama hivyo mpaka wakamwita.

Mama Kanyere alipona. Alitoka amevaa kitenge kipya, maana nguo zake zilichomwa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuja kugusa mparachichi.

"Kumbe ni mbao," alisema, kama aliyedanganywa. Kisha akanishika mkono. "Twende kwangu uone fashi ulikosea."

Tulikwenda kwa miguu. Kijijini watu walisimama milangoni. Waliomjua tangu utoto walirudi nyuma hatua moja, na hakuna aliyesalimia. Nilihisi mkono wake unalegea ndani ya wangu. Basi nikaubana, nikaanza kumwuliza kwa sauti kubwa, ili wote wasikie: mparachichi uko wapi? Kijito je? Naye akajibu kwa sauti kubwa vilevile, akinionyesha hiki na kile, akinigombeza mbele ya watu wote kwa kila kosa. Tulipofika kwenye shamba lake, mwanamke mmoja alikuwa ametufuata kwa mbali. Alisogea taratibu, akasema, "Kanyere, kakao yako nilikuangaliliaka." Chini ya miti palikuwa pamepaliliwa. Halafu wakashikana mikono, na mimi nikatazama kijito.

Kilikuwa kushoto. Kwenye mbao nilikuwa nimekiweka kulia.

"Nitarudi kuirekebisha," nilisema.

"Hapana, acha," Mama Kanyere alijibu. "Bengine kule ndani bamesha kuizoea vile."

Nimefanya kuta nyingi kabla na baada ya zile mbao, na ninajivunia karibu zote. Lakini mtu akiniuliza kama nilijifunza kazi yangu vizuri, mimi humwambia kwamba mgonjwa alikunywa maji ili apate nguvu ya kunisahihisha.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Beni, ukuta wa nje wa ukumbi wa parokia, mlima wa Ruwenzori na theluji yake. Mlima wenyewe huonekana asubuhi chache tu, na kwa miaka mingi nilikuwa nimezikusanya asubuhi hizo kichwani. Siku ya tano nilimwomba Furaha, mwenzenu, anipatie kopo la bluu. Akaniambia, "Mama, njo hii umeshika." Nilitazama. Nilikuwa na hakika ni kijivu. Daktari wa macho alikuwa amenionya, lakini kuonywa na kuona ni mambo mawili. Vivuli vya theluji vilikuwa vimebaki vichache. Nilimpa Furaha brashi, nikamwambia wapi na kiasi gani, naye akavimaliza vizuri kabisa. Sikulia. Nilikula ndizi za kuchoma nikiwa nimeketi kwenye benchi ng'ambo ya barabara, nikimwangalia.

Siku mbili baadaye nilirudi kuuona ukuta umekauka. Lilikuwa jua la saa nane, la Beni hasa, mbwa wamelala chini ya malori. Niliketi kwenye benchi lile. Kina mama wawili walikuwa wakitoka sokoni, kila mmoja na beseni la mihogo kichwani. Hawakunijua. Yule wa mbele alisimama karibu na ukuta, akateremsha beseni lake chini, akajifuta shingo.

"Tupumuzike hapa kidogo," alimwambia mwenzake. "Hapa kuko baridi."

Mwenzake aliangalia huku na huku akitafuta mti. Mti haukuwepo. Akaushusha mzigo wake vilevile, na wote wawili wakakaa chini ya theluji.